Kabla Hujanunua Wolpepa, Zima Taa Saa Sita Mchana

Wasee, kuna kitu nimekuwa nikiwaficha tangu mwaka jana, na leo nakitoa.

Mnakumbuka ile video ya keja yangu? Ile ya bedsita ya 6,500 iliyogeuka hoteli. Wengi wenu mlinijulia hapo. Ukuta wa nyuma ya kitanda una wolpepa ya kuigiza marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Taa za LED zimezunguka dari, kapeti la manyoya liko chini, kioo kirefu kimeegemea kona, na mimi nimekaa kwa ukingo wa kitanda na kikombe cha chai kama mtu asiye na deni popote. Komenti zilikuwa moto. Mmoja aliuliza kama hiyo ni Kileleshwa.

Haikuwa Kileleshwa. Ilikuwa Pipeline, ghorofa ya 2, na niliirekodi saa saba mchana nikiwa nimewasha taa 4.

Taa 4, mchana, kwa sababu bila hizo hungeona hata kikombe. Dirisha langu lilikuwa linaangalia ukuta wa ploti ya jirani. Siku moja nilinyoosha mkono nje nikiwa nimeshika mwiko wa ugali, na mwiko ukagusa ukuta wao. Kama umewahi kuishi Embakasi upande ule, huhitaji nikuelezee. Majumba yamesimama bega kwa bega, jua linaishia kwa watu wa juu, na sisi wa chini tunapata masalio. Mchana wangu nilikuwa naununua kwa tokeni za stima.

Kwenye video dirisha halionekani. Nililifunika na pazia la mtumba kutoka Gikomba, pazia zuri kusema kweli, kijani kama chupa, halafu nikaweka simu ikilipa mgongo. Sikujiona nikidanganya. Nilijiambia natafuta pembe nzuri ya kamera.

Acha niwape hesabu yote, maana mliniuliza sana na nilikuwa nakwepa. Wolpepa 9,600. Kapeti 4,500. Kioo 3,800. Meza na kikabati cha kando ya kitanda, vyote vya MDF, 7,500. Taa za LED, pazia na maua ya plastiki, 3,000 hivi. Jumla 28,400. Hiyo ni kodi ya miezi minne na chenji inabaki. Na hii ndiyo sehemu sikuwahi kusema: ile wolpepa sikulipia bei mnayolipa ninyi. Muuzaji alinikatia, tukakubaliana kila mteja akitaja jina langu napata 300. Kufikia Novemba nilikuwa nimepokea 4,200. Piga hesabu. Watu 14.

Mmoja wa hao 14 aliniandikia.

Ni msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, anakaa Tassia na mamake na kaka yake mdogo. Chumba kimoja, futi 10 kwa 10, wamegawa kwa pazia. Alikuwa amefanya vibarua vya kufua akaweka pesa, akataka kumshangaza mamake akitoka kazini. Akabandika wolpepa ukuta mzima, ile ile yangu. Baada ya miezi miwili ikaanza kubanduka kwa pembe, na alipoivuta akakuta nyuma yake ukuta mweusi. Ukungu. Na kaka yake ana pumu.

Hakunitusi, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu, kwa heshima kabisa, "Dada, wewe ulifanyaje yako isishike ukungu?"

Yangu ilikuwa imeshika. Ilikuwa imeshika muda mrefu. Nilikuwa nimesukuma kitanda kikabana ukuta ndio ile sehemu isionekane, na nilikuwa nikiamka na koo kavu nikisema ni vumbi la barabara. Nilisoma ule ujumbe, nikafunga simu. Siku 9 sikujibu.

Katikati ya hizo siku 9 nilienda Lamu. Rafiki yangu wa chuo alikuwa na harusi ya dada yake, na tulikuwa tumepanga safari tangu Julai. Niliwaza pia nitapata kontenti, siwezi kukataa. Milango ya kuchongwa, paa, bahari, unajua tu.

Tulilala kwa nyumba ya bibi yake, mle ndani ya mji wa kale, ule ambao UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukifika kuna daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ndipo mgeni hukaa kabla hajakaribishwa. Ukiingia huendi moja kwa moja, unakata kona kwanza, kwa hivyo mpita njia hawezi kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu ghafla unatokea kiwandani. Si kiwanda cha kutengeneza sabuni, tulieni. Kiwanda ni ua wa katikati ya nyumba, hauna paa, na vyumba vyote vinafungukia hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na wewe kazi yako ni nini?"

Nikamwambia napamba nyumba, nawaonyesha watu kwa simu. Akanitazama kidogo. "Wapamba nyumba ndani ya simu?" Wajukuu wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilisikia ikichoma.

Siku ya pili nilipima chumba nilicholala. Nilipima kwa hatua, tabia ya kazi. Na hapa ndipo akili yangu iligeuka: upana wake ulikuwa karibu sawa na wa bedsita yangu. Karibu sawa kabisa! Kile chumba ni kirefu, ndiyo, lakini ni chembamba, na sababu yake ni rahisi. Dari limeshikiliwa na boriti za mikoko, na mkoko una kimo chake. Mjenzi alikuwa hawezi kupanua chumba kupita urefu wa boriti, kwa hivyo vyumba vya Lamu vikawa vyembamba karne baada ya karne. Lakini sikuhisi nimebanwa hata dakika moja. Nilikaa pale nikajiuliza kwa nini.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu urefu wa mkono wangu kutoka kidole hadi kiwiko. Joto la mchana linachukua muda kupenya. Chokaa ni nyeupe, na mwanga wa kiwandani ukiigonga unatembea hadi ndani kabisa. Ukutani kuna zidaka, vishimo vya kupangia vyombo na vitu vya thamani, kwa hivyo hakuna kabati linalokula sakafu. Kitanda cha bibi kiko juu sana, unakipanda, na chini yake masanduku yamepangwa na upepo unapita. Saa nne asubuhi bibi alifunga dirisha la upande wa jua na kuacha mlango wa kiwandani wazi. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Saa nane mchana, nje kukiwa kama tanuri, ndani nilikuwa nimelala usingizi wa maana.

Sasa, sitaki mtu aseme nimeenda pwani siku nne nikarudi na hadithi za paradiso. Hizo nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, wenye mali, na historia yao ina watumwa ndani. Watu wengi hawakulala kwa zidaka, walilala kwa udongo na makuti. Leo nyumba nyingine zimenunuliwa na wageni matajiri, na kijana wa Lamu hawezi kuzigusa kwa bei. Najua. Ninachosema ni kitu kidogo: aliyechora ile nyumba alianza na jua na upepo. Mapambo yalikuja baadaye. Mimi nilianza na mapambo na sikuwahi kufika kwa upepo.

Kwa basi la kurudi, kutoka Mokowe, ni safari ndefu, nikawa nasoma habari za Francis Kéré. Nilikuwa nimemhifadhi kwa simu kwa sababu picha zake ni kali. Ni msanifu majengo aliyezaliwa Gando, Burkina Faso, mwaka 1965, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo kilele. Nilikuwa nampenda kwa picha tu. Sikuwa nimesoma alikoanzia.

Alianzia kwa darasa. Akiwa mtoto alisomea chumba kilichojaa watoto, chenye joto na giza, na alipoenda Ujerumani kusoma alirudisha swali hilo hilo nyumbani. Mwaka 2001 shule ya msingi ya Gando ikakamilika. Matofali ni ya udongo wa pale pale, umechanganywa na saruji kidogo, na wanakijiji wenyewe walijenga. Paa la mabati halijakalia ukuta. Limeinuliwa juu ya dari la matofali lenye matundu, kwa hivyo hewa moto inapanda, inapita kwenye matundu, inatoroka chini ya mabati. Hakuna feni. Hakuna stima ya kupoza chochote.

Na kuna kazi yake hapa kwetu ambayo vijana wengi wa Nairobi hawaijui. Turkana, kando ya ziwa, kuna chuo cha teknolojia kinaitwa Startup Lions, kilimalizika mwaka 2021. Kina minara mirefu iliyochukua wazo kutoka vichuguu vya mchwa, vile vichuguu virefu mnaona ukipita kule. Hewa baridi inaingia kwa matundu ya chini, ya moto inapanda na kutokea juu ya mnara, na kompyuta zinakaa bila kuchemka ama kujaa vumbi. Mchwa, wasee. Jamaa aliangalia mchwa.

Halafu nikafikiria ukuta wangu wa marumaru ya karatasi. Niliitoa wapi ile picha? Pinterest, kama kila mtu. Nyumba nyeupe, kochi la kijivu, mbao hafifu, taa ndogo ndogo kila kona. Nyingi za hizo nyumba zina asili ya Uswidi na Denmaki, na kule kuna sababu. Mwezi wa 12 pale Stockholm jua linatua kabla ya saa tisa alasiri. Mtu wa huko anapaka nyeupe kwa sababu anakimbizana na mwanga kidogo alionao. Sisi tuko hatua chache kutoka ikweta, jua tunalo saa 12 kila siku ya mwaka, na bado tunajenga majumba ambayo jua haliingii, halafu tunanunua taa za kuigiza picha za watu wasio na jua. Na mtu aniambie, ni kikao gani kilikubaliana kwamba keja nzuri lazima iwe rangi ya saruji mbichi?

Nilifika Nairobi alfajiri. Kabla hata ya kuoga nilimwandikia yule msichana. Nilimwambia yangu pia ilishika ukungu, kwamba nilijua, kwamba kila aliponunua kipande nilipata pesa. Alikaa kimya hadi jioni. Kisha simu ikalia, namba siijui, na alikuwa mamake. Nilijitayarisha kutukanwa.

"Mwanangu," akasema, "sasa tunaitoaje?"

Jumamosi nilienda Tassia na ndoo, sabuni ya maji na kisu butu. Wolpepa ile ni plastiki kwa juu, na plastiki haipumui. Chumba ambacho mnapikia na gesi, mnaanikia nguo, na mnalala watu watatu kinajaa mvuke, mvuke unatafuta ukuta baridi, unanaswa nyuma ya karatasi, na ukungu unapata makao. Hii si siri ya wataalamu. Ningeuliza tu ningeambiwa. Tulibandua kutwa nzima. Yule kijana, ana miaka 8, tulimtuma akae kwa jirani ili asivute lile vumbi, lakini alikuwa anarudi kuchungulia kila dakika kumi.

Juu ya mlango wao tukakuta kitu. Matundu ya hewa, yale matofali ya nakshi, mpangaji wa zamani aliyaziba na magazeti kisha akapaka rangi juu. Pengine alikuwa anazuia baridi ya Julai ama mbu, simlaumu. Keateka alikubali tuyafungue. Tulipotoa gazeti la mwisho, mvuke wa sufuria ya maharagwe ulianza kuelekea pale pale juu, tunauona kwa macho. Mama akapiga makofi mara moja, paa, kama mtu aliyekamata mbu.

Lakini dirisha lao linaangalia korido ya ndani. Hakuna fundi wa dunia hii anaweza kupamba hilo.

Mimi mwenyewe nilihama Februari. Na hii nataka mwisikie wale mnaotafuta keja: niko ghorofa ya 7, ploti hiyo hiyo, na nalipa 6,000. Nimepunguziwa 500 kwa sababu hakuna lifti, na maji yakipotea unabeba mitungi kwa ngazi hadi miguu iimbe. Watu wanakimbia juu. Na juu ndiko kuna mchana. Dirisha langu liko mashariki, jua linaingia saa moja asubuhi, linapiga sakafu, linaondoka kabla ya kuleta joto. Bili ya tokeni imeshuka karibu nusu.

Ile meza ya MDF ilikuwa imefura miguu kwa unyevu. Niliipeleka picha kwa fundi mmoja pale Ngong Road, wale wanaopanga vitanda kando ya barabara, nikamuuliza kama inatengenezeka. Akacheka. "Hiyo ni unga na gundi, dada. Ukiipatia maji inafura kama mandazi." Nilimwomba anitengenezee kitanda cha saipresi, kirefu kwenda juu kama cha bibi wa Lamu, chaga zenye nafasi kati yake ili godoro lipate hewa, chini kuwe wazi niweke vikapu. Alitaka kuniwekea kichwa cha kitambaa chenye vifungo vya kung'aa. Tulibishana karibu saa nzima, akashinda mpaka mkono mmoja, mimi nikashinda vingine. Kilinigharimu 14,000 kwa awamu mbili. Ukuta nimeuacha na rangi nyeupe ya kawaida. Kile kioo nimekitundika kando ya dirisha, kinatupa mwanga hadi kwa meko. Pazia la kijani bado ninalo, lakini sasa ni jembamba zaidi, nilipunguza bitana.

Kwa hivyo ukienda kuangalia nyumba, nenda saa sita mchana na umwambie keateka azime taa. Simama katikati. Kama huwezi kusoma karatasi ya risiti, ondoka, hata kama tailizi zinang'aa. Angalia nyuma ya mlango wa choo na pembe za dari, hapo ndipo rangi mpya hupakwa kufunika ukungu. Tafuta matundu ya hewa na uone kama yako wazi. Na ukishaingia, jiko la makaa lisikae ndani umefunga dirisha, hiyo si mambo ya mapambo, hiyo inaua.

Na tuache kujilaumu kwa kila kitu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kutosha. Mtu aliyejenga ghorofa 8 umbali wa mwiko kutoka kwa jirani alijua anachofanya, na aliyempitishia ramani alijua. Sisi wenye simu na taa za duara tunakuja nyuma yao kuwasaidia kuficha, tena kwa pesa zenu. Mimi nimefanya hivyo kwa 300 kwa kichwa. Ile 4,200 nilimpa mama wa Tassia, na wale 13 waliobaki, kama mko hapa na ukuta wenu umeanza kutoa harufu, niandikieni. Nitakuja na ndoo.

Muuzaji wa wolpepa alinipigia wiki iliyopita kuniambia kuna rangi mpya, ya dhahabu. Nilimwambia nimetoka kwa hiyo biashara. Akasema sawa, kuna wengine wengi.

Video ya kwanza sijaifuta. Nimeikata mwanzo na kuweka sekunde 10 za ukuta mweusi nyuma ya kitanda changu, bila muziki. Watu wanaipita kwa haraka kufika kwa marumaru, naona kwa takwimu.

Sasa nina ombi. Kama unajua chumba Pipeline, Tassia ama Fedha, ghorofa za juu, dirisha linaangalia barabara ama uwanja, kodi isizidi 7,000, niambie leo. Ni cha mama na watoto wawili. Ngazi si shida, wamesema watapanda.